Mashine ya mashua imetuponyoka baharini kati ya Songosongo na Kivinje: itaokolewa vipi, na nani anailipa?

Nahodha wa Somanga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaandika nikiwa na mzigo mzito moyoni, na ninaomba ushauri wa watu wanaoifahamu bahari na wanaozifahamu mashine.

Siku nne zilizopita, mwezi ukiwa 17 kwa hesabu ya mwandamo, tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Songosongo kuelekea Kilwa Kivinje, watu wanne ndani ya mashua moja. Upepo wa kusi ulikuwa umechafuka tangu alfajiri, na kwa kuwa maji yalikuwa bado ya bamvua, yaani kujaa na kupwa kwa nguvu, mkondo ulikuwa unapambana na upepo na kuyafanya mawimbi kuwa mafupi na yenye kusimama. Katika wimbi moja shetri, yaani nyuma ya mashua ilipopachikwa mashine, ilinyanyuka, propela ikatoka majini na mashine ikalia kwa ukali. Chombo kiliposhuka, propela iliuma maji kwa ghafla na mashine nzima ikaruka kutoka kwenye ubao wake. Nilikuwa nimeushika mkono wa mashine kwa kiganja changu cha kulia, na mpaka leo ngozi ya hapo imechubuka. Kilichobaki ndani ya chombo ni mpira wa mafuta uliochomoka, ukidondosha petroli kwenye mbao.

Tulitweka tanga la akiba, tukafika baada ya magharibi. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na zaidi ya nusu ya kolekole na changu tuliowapata kwa siku mbili waliuzwa kwa bei ya kutupa.

Mashine ni ya nguvu ya farasi 15, ya petroli iliyochanganywa na oili, na tajiri wetu, yaani mwenye chombo, aliinunua mwaka jana ikiwa imetumika kwa shilingi milioni 3 na laki 8. Sasa tajiri anasema sisi wanne tutailipa kwa kukatwa kwenye mgao hadi deni liishe. Ninakiri kwamba skrubu za kubania sikuzikaza tangu siku iliyotangulia, na kwamba mashine haikuwa imefungwa kamba. Wenzangu watatu hawakuwa na kosa lolote, na mmoja wao ana mtoto mchanga wa wiki mbili.

Nilipiga alama ya mahali kwenye ramani ya simu, lakini ilikuwa baada ya kama dakika kumi, tukiwa tumekwisha kusukumwa na mkondo. Kina cha hapo ni pima tisa hadi kumi, na chini ni mchanga uliochanganyika na tope. Je, kuna maana ya kuitafuta? Ikipatikana itafaa? Na kuhusu malipo, wenzangu wa pwani nyingine mnafanyaje?

Fundi wa Mashine, Tanga

Wa alaykum salaam, ndugu nahodha. Pole sana. Nitaanza na jambo ambalo watu wengi hulikosea, kwa sababu ukilikosea utaiua mashine ambayo bahari ilikuwa haijaiua.

Mashine iliyozama haiharibiki haraka ikiwa chini ya maji. Huharibika haraka zaidi inapotolewa. Chumvi ikishakuwamo ndani na hewa ikaingia, kutu huanza kula beringi na kuta za silinda saa ileile, na mashine iliyoachwa ufukweni usiku mmoja ili ikauke huweza kuwa imekwama kufikia asubuhi. Kwa hiyo kabla hujakwenda kuitafuta, tayarisha pipa kubwa la maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, na uzungumze na fundi awe tayari siku hiyohiyo. Mkiipata, msiifungue ndani ya chombo. Ifunikeni kwa magunia yaliyolowa, mkifika itumbukizeni kwenye pipa, na ibaki humo mpaka fundi akae mbele yake akiwa na spana mkononi.

Hatua inayofuata ni kuiosha kwa maji baridi mengi, kutoa plagi, kuilaza ili matundu ya plagi yatazame chini, na kuizungusha kwa mkono, polepole. Hapa inabidi uniamini: usivute kamba ya kuwashia kwa nguvu. Mashine yako ilizama ikiwa inafanya kazi, na mashine ya namna hiyo huweza kuvuta maji ndani ya silinda. Kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, inaweza kuwa imepinda. Ikiwa inazunguka laini, kabureta ifunguliwe yote, petroli ya zamani imwagwe, na oili imiminwe kwenye silinda huku ukiendelea kuizungusha. Kisha ifungwe na iwashwe, na isizimwe kabla ya saa moja kupita, ili joto lifukuze unyevu uliobaki. Usisahau kutoa oili ya giaboksi kule chini: ikitoka nyeupe kama tui, maji yamepita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji.

Kwa mashine iliyokaa majini siku nne au tano, ninachotarajia ni kwamba bloku ya injini na giaboksi vitaokoka. Beringi na mfumo wa moto wa umeme ndivyo vyenye mashaka. Hata hivyo, ukilinganisha na milioni 3 na laki 8, kuitafuta kuna maana kubwa.

Mzee wa Jarife, Mkokotoni

Mwanangu nahodha, pole, na mshukuru Mungu kwamba hakuna aliyetumbukia pamoja nayo. Mimi mashine sizijui kama fundi anavyozijua, lakini nimepoteza majarife mawili, yaani nyavu kubwa, na nanga zisizohesabika, na baadhi yake nimezipata.

Usitafute leo wala kesho. Kwa hesabu yako leo ni mwezi 21, kwa hiyo subiri mwezi 23, maji yakiwa mafu, ambapo mkondo ni mdogo na utaweza kufanya kazi muda mrefu zaidi maji yanaposimama kati ya kupwa na kujaa. Alama ya simu uliyoipiga si mahali pa mashine bali ni mahali mlipofika. Mashine ilizama wima kama jiwe, nyinyi ndio mlioondoka. Kumbuka maji yalikuwa yanakwenda upande gani saa ile, urudi nyuma kwa mwendo wa dakika kumi, na hapo ndipo uweke boya la kwanza. Kama wakati ule uliona kitu chochote cha nchi kavu kikiwa kimelingana na kingine, mnazi na mnara, kichwa cha kisiwa na paa la msikiti, mstari huo una thamani kuliko simu.

Chukua nanga ndogo ya kucha nne, uifunge mnyororo wa pima moja ili ilale chini isinyanyuke, na kamba ya kutosha mara tatu ya kina. Ikokote kwa kasia au kwa tanga dogo, ukiukata mkondo, kisha sogea hatua chache na urudi, kama mtu anayelima matuta. Ushike kamba kwa mkono wako mwenyewe. Mchanga utausikia kama mtetemo, tope utalisikia kama uzito unaokuja taratibu, lakini chuma kikigonga chuma hutakikosea.

Kuna jambo moja ninakukataza kama baba. Usimteremshe kijana na mpira wa kompresa wa kupumulia chini ya maji. Pima kumi si mbali kwa kutazama, lakini mtu akikaa chini huko na kupanda haraka, na akarudia mara ya pili na ya tatu siku hiyo, anaweza kupanda akiwa hana miguu. Nimewaona vijana waliobebwa kutoka kwenye chombo wakati asubuhi waliingia wakitembea. Kama nanga haikuipata mashine, iache.

Mvuvi wa Ukerewe

Poleni, ndugu wa pwani. Huku ziwani hatuna bamvua wala chumvi, lakini kuhusu kupoteza vitu tuko sawa. Upepo ukitokea ghafla usiku tunapotea na taa za dagaa, zile za betri za sola zilizoelea juu ya maboya, na nyavu za sangara hukatwa na vyombo vinavyopita gizani au huvutwa na wezi kabla hatujafika. Mashine pia huibwa, wakati mwingine kwa nguvu katikati ya maji.

Kwa sababu ya wezi, mimi mashine nimeifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye chombo, na nambari yake nimeiandika kwenye daftari na kuisajili kwenye BMU yetu, kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni. Mnyororo huo ungekuokoa. Ninashauri ununue wa aina hiyo.

Fundi wa Mashine, Tanga

Ndugu wa Ukerewe, kwa ajili ya wezi wakati chombo kimefungwa gatini, mnyororo ni sawa kabisa. Lakini kwa mashine inayofanya kazi safarini siafiki, na nitaeleza sababu kwa kuwa nimeona matokeo yake. Mashine ikiruka huku inanguruma, mnyororo mrefu huiacha izunguke nyuma ya shetri, na propela inayozunguka hukata mbao za chombo au miguu ya mtu. Mnyororo pia hauvutiki. Uzito wote wa mashine, ambao kwa farasi 15 ni karibu kilo 36 au zaidi, huangukia kwa mshtuko mmoja kwenye pete ulipofungwa, na mara nyingi pete hung'oka na kipande cha ubao.

Kinachofaa ni kamba ya nailoni ya unene wa kidole, iliyopitishwa kwenye tundu la bano la mashine na kufungwa kwenye mbavu ya chombo, si kwenye ubao uleule mashine ilipopachikwa. Urefu wake uwe mfupi kiasi kwamba mashine ikiruka itaning'inia palepale bila kugeuka. Pamoja na hiyo, nahodha ajifunge kwenye mkono kamba ya kuzimia, inayozima mashine ikivutwa. Wengi huzikata au kuziondoa kwa kuwa zinawasumbua, na hilo ni kosa. Skrubu zikazwe kila asubuhi kabla ya safari na zikaguliwe tena baharini mnapobadilisha tangi la mafuta, kwa sababu mtetemo huzilegeza hata zikiwa mpya. Mbao ya mahali pa kupachika nayo hubonyea ikishaloa. Bandika kipande cha mbao ngumu au bati nene ili skrubu zisizame.

Mama Mwenye Chombo, Pangani

Assalaam alaykum. Mafundi na wazee wamesema yao, nami nitasema kuhusu malipo, kwa kuwa mimi ni mwenye chombo na siyo mvuvi. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa mkopo wa kikoba, na iliharibika mwezi wa tatu kwa sababu kijana alijaza petroli bila kuichanganya na oili. Pistoni iliungua ikagandamana na silinda. Nilikuwa nalipa mkopo wa kitu nisichokuwa nacho kwa miezi tisa, kwa hiyo ninaijua hasira ya tajiri wako, mwanangu, na ninakuomba usimwone kuwa ni mtu mbaya.

Lakini anachokitaka si haki. Katika mgao wetu, baada ya kutoa mafuta, barafu na chambo, nusu ni ya chombo na zana, na nusu ni ya mabaharia. Sasa ile nusu ya chombo inalipia nini? Inalipia mtaji wangu na inalipia hatari ya mtaji wangu. Kama baharia ndiye anayelipa mashine inapozama, basi mimi ninakula fungu la hatari bila kubeba hatari yenyewe, na hilo siwezi kulitetea mbele ya mtu yeyote. Tena baharia aliyekuwa omo, mbele ya chombo, anavuta tanga hakuwa na mkono kwenye skrubu.

Nahodha ni jambo jingine, na wewe mwenyewe umekiri kwa uaminifu. Kwangu, nahodha aliyezembea huchangia sehemu tunayokubaliana mbele ya watu wawili, kwa muda unaojulikana, na kamwe haizidi robo ya fungu lake kwa safari, kwa sababu naye ana nyumba. Baada ya ile pistoni, tuliweka pia fungu la mashine: kila safari yenye faida, kabla ya kugawana, tunatenga kiasi kidogo ambacho ninakihifadhi mimi lakini hesabu yake anaijua kila baharia. Mwaka jana fungu hilo lilinunua propela na sili bila mtu kukopa. Nenda kwa tajiri wako na mzee mmoja wa gatini na mtu wa BMU, msizungumze kwa simu, na umweleze kwanza mpango wa kuitafuta mashine kabla ya kuzungumza habari ya deni.

Nahodha wa Somanga

Ninawashukuru nyote, na mzee wangu wa Mkokotoni ninakushukuru kwa namna ya pekee. Tulisubiri mwezi 23. Tajiri alikubali kutoa mafuta ya chombo cha kutuvuta, akaja naye mwenyewe. Tulikokota nanga tangu saa mbili asubuhi, tukapata jiwe, tukapata kipande cha jarife la zamani chenye mifupa ya samaki ndani yake, na karibu na adhuhuri kamba ikagonga kiganjani mwangu kama mzee alivyosema. Mashine ilipanda ikiwa imejaa tope mpaka kwenye kifuniko.

Sasa iko ndani ya pipa la maji ya kisima, kivulini. Kuhusu malipo, wenzangu watatu wameondolewa kwenye deni, na mimi nitachangia nusu ya gharama ya ukarabati kwa kiasi kitakachojulikana baada ya kufunguliwa. Fundi wa hapa ametoa plagi, na nilipoizungusha mashine kwa mkono, gurudumu la juu lilikwenda nusu mzunguko, kisha likasimama kwa sauti ya kusaga. Ameniomba aongeze nguvu kidogo kwa spana. Je, akubaliwe?

Fundi wa Mashine, Tanga

Hapana, asikubaliwe. Sauti ya kusaga ni mchanga, na akilazimisha atachora silinda ambayo sasa hivi bado ni nzima. Ibaki kwenye pipa mpaka aanze kuifungua, mwambie afungue kichwa cha silinda kwanza na kisha sanduku la kranki, aoshe kila beringi kwa petroli safi na kuipaka oili palepale, na unitumie picha ya konrodi zote mbili kabla hajarudisha nati hata moja.