Kisanduku cha muziki cha kutia ufunguo: asili yake ni wapi?

Swali: Nimerithi kwa bibi kisanduku cha mbao chenye silinda ya shaba iliyojaa pini ndogo, na kitana cha chuma mbele yake. Naomba wajuzi mnieleze asili yake, na kama ni salama kukipiga.

Jibu: Ndugu, asili yake ni Uswisi. Mwaka 1796 fundi saa Antoine Favre wa Geneva alitumia meno ya chuma yanayodonolewa na pini badala ya kengele, na baadaye mji wa Sainte-Croix ukasifika kwa kazi hiyo.

Jibu: Nakusihi usikitie ufunguo kabla fundi hajakikagua, kwani kidhibiti mwendo kikilegea, springi hufyatuka na silinda huzunguka kwa kasi inayovunja meno yale.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimeona meno mawili yamekwisha vunjika, nitamtafuta fundi.