Naenda Uingereza kwa mkataba: jino nitibu Mtwara au huko huko?

Binti Mikindani: Wakuu, nimepata mkataba wa uuguzi Uingereza, mwaka mmoja, naondoka mwezi ujao. Gego la chini limetoboka, nikinywa maji baridi nashika shavu. Nitumie NHIF, bima ya afya ya taifa, hapa hospitali ya Ligula, nisubiri NHS, huduma ya afya ya serikali ya kwao, au nikate bima binafsi?

Korosho Ghafi: Subiri NHS. Viza yenu watu wa afya haitozwi ile ada ya afya ya wahamiaji, pauni 1,035 kwa mwaka. Bure kabisa!

Shangani Mashariki: Bure ni kumwona daktari na kulazwa, meno hapana. England hata mwenyeji analipa. Bei za 2025: kuchunguzwa pauni 27.40, kuziba, kung'oa au kutibu mzizi 75.30, kuvalishwa kofia au meno ya bandia 326.70. Afadhali moja ipo: wakikuziba mawili na kung'oa moja kwenye tiba ileile, unalipa ada hiyo ya kuziba mara moja tu. Kazi ni kumpata daktari. Kliniki nyingi hazipokei wagonjwa wapya wa NHS, ila huzuiliwi kwenda ya mtaa mwingine.

Mzee wa Nachingwea: Binti, uliza kwanza unapangiwa wapi. Scotland uchunguzi ni bure kwa wote, na aliye chini ya miaka 26 hata tiba halipii.

Binti Mikindani: Shikamoo mzee. Ni Leeds, England, na umri huo nimeshaupita.

Korosho Ghafi: Basi bima binafsi.

Shangani Mashariki: Asome kipengele cha ugonjwa uliokuwepo kabla. Jino limeshatoboka, nani atalilipia?

Tabibu Lindi: Dada, tumia kadi sasa. NHIF haivuki mpaka. Hata hapo ng'ambo ya Ruvuma haitambuliki. Ila usikimbilie kung'oa. Kama baridi ikiondoka na maumivu yanaondoka, huenda kuziba kukatosha. Likianza kuuma lenyewe usiku, hapo ni mzizi, na mzizi unaweza kukurudisha kliniki zaidi ya mara moja. Kwa hiyo nenda wiki hii. Omba na nakala ya eksirei, usafiri nayo.

Binti Mikindani: Nimekuelewa. Mume na watoto wako kwenye kadi yangu, na naomba likizo bila malipo.

Tabibu Lindi: Hapo pana shughuli. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri. Mshahara ukisimama, nani anachangia? Pita ofisi ya NHIF kabla hujasaini likizo. Mumeo kama ameajiriwa, wahamie kwake.