Kutua na Type-9: kompyuta au mkono?

KijanaWaKayole
Wadau, hamjambo. Baada ya miezi ya kubeba mizigo midogo kwenye Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa meli za angani, nimenunua Type-9 Heavy, meli kubwa ya mizigo, krediti (pesa za mchezoni) milioni 76 na ushei. Python, meli yangu ya awali, nilikuwa naitua bila wasiwasi. Hii, jana usiku, nimekwama kwenye tundu, yaani mlango wa kuingilia, la kituo cha angani cha Coriolis mpaka ngao zikaisha, meli ikalipuka na shehena yote ikaenda. Natumia kibodi na kipanya. Niweke kompyuta ya kutua inayoitua meli yenyewe, nijifunze kwa mkono, au nizime usaidizi wa kuruka, ule unaozuia meli kuteleza, kama wakongwe?

Shiru_Angani
Pole sana kaka, inauma. Mimi naitetea kompyuta. Ya kawaida ni krediti 4,500 na inakula nafasi ya ukubwa wa kwanza, yaani ndogo kabisa, ambayo ingebeba tani mbili tu, na meli yako inabeba zaidi ya 700. Omba ruhusa ya kutua ukiwa ndani ya kilomita 7.5 kutoka kituoni, shusha kasi hadi sifuri, iachie. Siku foleni ya Thika Road imenimaliza nguvu, sina haja ya kupambana na tundu tena.

MzeeWaCoriolis
Dada Shiru, kwa anayerudi kazini amechoka, sawa. Lakini kijana ameuliza kujifunza, na kompyuta haimfundishi kitu. Tena ni ya polepole kuliko rubani aliyezoea.

Kijana, nadhani najua ulipokosea. Chumba cha rubani cha Type-9 kiko juu kabisa, na tumbo lote linaning'inia chini yako. Ukitoka kwenye Python unalenga macho katikati ya tundu, kumbe tumbo linagonga mdomo wa chini. Panda mpaka uhisi paa litakukwaruza kichwa. Ni kama dereva wa basi refu anayeingia stendi ya Machakos: hapimi pale alipokaa, anapima mkia.

Mengine ni haya. Tundu la Coriolis kwa kawaida hutazama sayari, kwa hiyo njoo kutoka upande wa sayari usihangaike kuzunguka kituo. Taa za kijani za tundu ziwe kulia kwako. Usizidi mita 100 kwa sekunde, maana ukigonga kitu juu ya hapo unapigwa faini. Na fanya mazoezi ghala likiwa tupu! Meli ikilipuka unairudisha kwa asilimia 5 ya bei yake, shehena hairudi.

Otis_Umoja2
Naongezea kuhusu kibodi. Tafuta kwenye mipangilio kitufe cha kuweka kasi nusu, 50%, ukiweke karibu na kidole. Hapo mshale wa kasi unakaa kwenye eneo la buluu la kipimo, ambapo meli inageuka vizuri kuliko popote. Kuzima usaidizi wa kuruka, bado. Vitufe ama vimebonyezwa ama la, huwezi kugusa kidogo kama kwenye joistiki, na meli nzito ikianza kuteleza utaifukuza mpaka ukutani.

Cheza pia hali ya peke yako, usikutane na mchezaji mwingine tunduni. Bando bado utalihitaji, mchezo haufunguki bila intaneti.

Shiru_Angani
Hilo la macho na tumbo sikuwahi kulifikiria, asante mzee. Kijana, fuata la mkono. Kompyuta inunue baadaye.

KijanaWaKayole
Nimerudi. Ghala tupu, kasi nusu, nimepanda juu mpaka nikaogopa. Nimeingia mara sita leo. Nne safi kabisa, mbili nimekwaruza upande wa kushoto na ngao zimestahimili. Mzee, nikishazoea nataka meli ya Imperial Cutter. Nayo ikoje?

MzeeWaCoriolis
Ina mbio kuliko Type-9 lakini inateleza sana. Anza kufunga breki mapema kuliko unavyodhani. Kwanza umalize kupanda cheo kwenye Dola (Empire, moja ya tawala za mchezoni), hawakuuzii hivi hivi.