Re: Mishumaa ya tarehe 2 Februari, nibebe wangu ama?

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Mimi ni wa Likoni, Mombasa, nimefika jimbo la Bavaria, Ujerumani, Oktoba kusoma. Jumapili padre ametangaza kitu kuhusu tarehe 2 Februari na nilichoshika mimi ni neno mshumaa tu, halafu nyuma ya kanisa nikaona meza imejaa mishumaa ya kuuza. Ni lazima mtu anunue? Na mwenzangu wa chuo ananiambia nikijiandikisha kuwa Mkatoliki nitakatwa pesa, ni kweli? Nisaidieni manake huku sijui wa kumuuliza.

---

Milele amina mdogo wangu, na pole na baridi. Mimi nakaa huko huko Bavaria, mwaka wa tisa sasa, lakini sa hizi niko likizo Tudor kwa mama, nakuandikia niko barazani jasho linanitiririka, kaskazi inavuma tangu asubuhi na upepo wenyewe ni wa moto.

Hiyo ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ile ile tunayosali nyumbani siku 40 baada ya Krismasi, mzee Simeoni alimpakata mtoto akamwita nuru ya mataifa, ndipo mishumaa inapotoka. Ila wewe umezoea misa ya asubuhi, feni zinazimwa kwanza ili mishumaa isizimike na bado upepo ukiingia mlangoni watu wanaanza kuwashiana upya. Kule parokia nyingi wanaiweka jioni, saa kumi na mbili giza limeshashika, taa za kanisa zinazimwa na hapo ndio nilielewa kwa nini watu wa baridi wanaipenda siku hii kiasi kile, manake tangu Novemba hawajaona jua la maana.

Kununua si lazima. Beba wako wa dukani, ila usiwe ule wa manukato kwenye glasi, huo hauwezi kuushika kwenye maandamano. Utaona wazee wanaleta vikapu vizima, mishumaa ya nyumbani ya mwaka mzima, na mingine ni myeusi, usishtuke, hiyo wanawasha radi zikipiga wakiomba nyumba isalimike. Zamani mwaka wa wafanyakazi wa mashambani uliishia siku hiyo, mtu analipwa ujira wake na akitaka kuhama tajiri anahama, na mpaka 1912 ilikuwa sikukuu ya mapumziko Bavaria.

Tena usikimbie misa ikiisha. Kesho yake ni Mt. Blasio na parokia nyingi wanatoa baraka yake usiku huo huo, padre anashika mishumaa miwili iliyopishana kama msalaba anakuwekea karibu na koo anakuombea, kwa sababu huyo askofu inasimuliwa alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mimi nimelelewa kwa samaki na sikuwahi kujua tuna mtakatifu wa mwiba.

Kuhusu pesa ni kweli lakini sikiza vizuri. Bavaria kodi ya kanisa ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato, si ya mshahara mzima, yaani ukikatwa kodi yuro 200 kanisa linapata 16. Majimbo mengi mengine ni 9. Wewe mwanafunzi kama hukatwi kodi ya mapato hulipi kitu. Tafadhali usishawishike kujitoa baadaye ili kuokoa hizo, manake tangu 2012 maaskofu wa Ujerumani waliweka wazi kwamba aliyejitoa rasmi hapokei sakramenti wala hawezi kusimamia ubatizo, na nimeona mtu akilia kwa hilo.

Sasa nikwambie kwa nini nakusukuma uende. Mwaka wangu wa kwanza nilisali miezi minne bila mtu kunisalimia, misa ikiisha kila mtu na gari lake, na mimi nimezoea kwetu ukitoka kanisani unasimama nje saa nzima unaulizwa habari za nyumbani. Tarehe 2 nta ikanidondokea kwenye koti, koti lenyewe moja tu. Nikaanza kukwangua kwa kucha. Bibi mmoja akanishika mkono akasema maneno sikuelewa hata moja, akanivuta mpaka kwake mtaa wa pili, akaweka gazeti juu ya nta, pasi ya moto mdogo, anabadilisha gazeti, anapiga tena mpaka nta yote ikanyonywa. Ndiyo nyumba ya kwanza ya Mjerumani niliyoingia. Mwaka huu sitakuwepo, nimemwachia mshumaa wangu aupeleke pamoja na wake.

---

Kaka yenu niko Krakow, Poland. Huku mshumaa wa siku hiyo unaitwa gromnica, jina limetoka kwenye neno lao la radi, na wanamshikisha pia mtu anayekata roho. Picha zake wanamchora Mama Maria na mshumaa kwenye theluji anafukuza mbwa mwitu. Desturi ni ujaribu kuufikisha nyumbani ukiwaka, wangu mwaka jana ulizimika kona ya pili. Baba alipofariki Changamwe na mimi sina nauli, niliuwasha dirishani nikakaa nao mpaka asubuhi.

---

Asanteni sana, na pole kaka. Ofisi ya parokia nimeenda leo, nimejiandikisha. Nitabeba miwili, mmoja nimpelekee mama Agosti. Kwenye ndege unaruhusiwa?

---

Unaruhusiwa hata kwenye begi la mkononi, ufunge na leso usivunjike. Lakini mwambie mama asiuweke juu ya kabati. Wa mama yangu niliomletea joto la kaskazi limeupinda kama ndizi, juzi nimemkuta ameuweka kwenye karai la maji ya vuguvugu anaunyoosha taratibu kwa viganja. Usiku huo huo stima ikapotea nikaunyakua niuwashe, akaninyang'anya, huo si wa stima, huo ni wa mgonjwa na wa jumuiya ikija kusali, nenda dukani kanunue wa shilingi.

Tukakaa gizani mpaka ikarudi.