Nimemsahihisha baba mkwe kwenye grupu la familia, sasa ukoo mzima umeninunia. Naombeni ushauri

NesiWaMbagala:
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, matusi mniwekee kiporo kwanza maana hapa nilipo tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.

Nimeolewa huu mwaka wa sita, mume Msukuma wa Sengerema mimi Mdigo wa Tanga, tunaishi Dar. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, mzee wa heshima zake, yaani nikifika kijijini namwamkia kwa magoti na yeye hanitazami usoni, anauliza tu za huko basi kaingia ndani. Sasa tangu shemeji amnunulie simu ya kupangusa mzee kageuka shirika la habari. Saa kumi na moja alfajiri grupu limeshaanza kuita, mara kitunguu swaumu kinamaliza sukari, mara benki fulani inafilisika watu watoe hela, mara sauti ya mtu hatumjui anasema sambaza kabla hawajaifuta. Sisi wote tunaweka dole gumba tunapita.

Jumatano akatuma picha ina nembo ya gazeti kubwa tu mnalijua, eti wastaafu wa serikali wanalipwa tofauti ya kikokotoo, yaani ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kila mtu abonyeze linki ajaze namba ya uanachama, namba ya simu na namba ya siri "ya kuthibitisha". Chini kaongezea mwenyewe WAZEE WENZANGU CHANGAMKIENI. Na humo ndani kuna wazee wanne wastaafu kama yeye. Nikashtuka, nikaingia ukurasa wa gazeti hamna kitu, nembo yenyewe rangi imepauka, linki ina herufi za ajabuajabu. Nikaandika palepale: "Baba hii ni habari ya uongo, ni matapeli, tuwe tunahakiki kabla ya kusambaza." Nikabandika na skrinshoti mbili.

Kimya kama dakika ishirini. Halafu mzee akajitoa kwenye grupu.

Wifi mkubwa kanipigia anafoka mimi ni nani mpaka nimwite baba muongo mbele ya wajukuu. Mama mkwe simu hapokei. Mume anasema nilikuwa sahihi ila niombe radhi, sasa radhi ya nini kama nilikuwa sahihi?? Na neno muongo mimi sikulisema popote. Nifanyeje?

Kitunguu_Maji:
Nimewahi siti ya mbele.

BabuWaKahama:
Binti pole. Hujasema muongo lakini umeandika "baba" na "uongo" kwenye sentensi moja, kwa masikio ya mzee wa kwetu ni kitu kilekile. Mkwe hasahihishwi na mkamwana, anasahihishwa na mwanawe, tena pembeni, tena akishakula. Ungempa mumeo hizo skrinshoti ampigie baba yake, baba angefuta mwenyewe na kusingizia mjukuu alichezea simu. Hapo ulimfungia mlango wa kutokea.

DadaMkavu:
Babu shikamoo, ila matapeli hawasubiri mzee ashibe. Wazee wanne wako hapo wana vidole juu ya linki halafu dada atafute mume yuko kazini, mume ampigie baba, baba yuko shamba hamna mtandao... saa ngapi? Mimi ningeandika vilevile na ningeongeza alama za mshangao. Kila siku mnaturukia heshima heshima, mtu akiibiwa mnakuja kuchangisha kwenye grupu hilohilo.

BabuWaKahama:
Marahaba. Sijasema asiseme. Angeandika "jamani msibonyeze kwanza nauliza ofisini" ingetosha, linki ingesimama na mzee angebaki na uso wake.

KipazaSautiKibovu:
Nimefanya kazi redioni miaka mingi ngoja niseme kitu ambacho kitawaudhi wengine. Mleta mada unamwambia mzee ahakiki, sawa, ahakiki kwa nani? Huyo mzee yuko hivyo kwa sababu. Mkumbuke Machi 2021. Mitaani watu wananong'ona rais Magufuli anaumwa, tarehe 12 waziri mkuu Majaliwa yuko Njombe anatuambia rais yupo na anachapa kazi, kuna watu wakakamatwa kwa kusambaza uvumi, sisi redioni tunasoma tulichopewa, tarehe 17 usiku mama Samia, bado makamu wa rais, anatokea TBC kutangaza msiba. Kwa mzee wa Sengerema siku ile wasapu ilisema kweli na redio haikusema. Utamwambia nini tena?

Na kabla ya hapo gazeti la Mseto lilifungiwa miezi 36 mwaka 2016, magazeti ya Mawio na MwanaHalisi miezi 24 kila moja mwaka 2017, mpaka Februari 2022 ndo leseni zikarudishwa. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi zikasimamishwa siku 30 kisa video ya katuni inayogusia watu wanaopotea. Msomaji anajifunza kwamba habari isiyo gazetini huenda ndo yenyewe, imezuiwa tu. Ndo maana zile meseji zinaandikwa "kabla hawajaifuta". Tapeli anajua kabisa tumeumwa wapi.

Mzalendo_Halisi:
Mkuu hapo umeshaingiza siasa, dada kauliza mambo ya mkwe.

KipazaSautiKibovu:
Mkwe mwenyewe anasambaza kikokotoo, wewe unaona siasa iko wapi?

NusuMkate:
Kipaza umesema kweli nusu. Hao wa wasapu Machi ile walisema mgonjwa yuko Nairobi, kesho yake wakasema kapelekwa India, taarifa rasmi ikaja kusema amefia hospitali ya Mzena hapahapa Dar. Kwahiyo walipatia kuumwa wakakosea kila kilichobaki, ila sisi tunakumbuka walipopatia tu. Mtu akibahatisha mara moja tunampa unabii.

Halafu msiwasafishe sana waandishi. Baba yangu mwaka 2011 alienda Loliondo kwa yule babu wa kikombe cha dawa, na wasapu ilikuwa bado haijafika kwetu, alisoma GAZETINI. Kila asubuhi ukurasa wa mbele kikombe, kikombe, kikombe. Kikombe chenyewe sh. 500, nauli ndo ilimla, akalala kwenye foleni ya magari siku tatu, akarudi akaacha dawa za presha. Mpaka leo ukimuuliza anasema magazeti yaliandika, hayakuandika?

DadaMkavu:
Presha ilikuwaje?

NusuMkate:
Alirudia dawa mwenyewe baada ya kuanguka bafuni. Hatuliongelei nyumbani.

FundiSimu_Kkoo:
Niwape la kazini kwangu. Wazee wanaoletwa hapa kariakoo simu zimechezewa wengi hawakudanganywa na habari, walidanganywa na NEMBO. Kutengeneza picha yenye nembo ya gazeti ni dakika tano kwenye simu. Kuhusu kikokotoo ni kitu cha kweli ndo maana inanasa, bajeti ya 2024 mkupuo, ile hela ya mara moja ukistaafu, ulipandishwa kutoka asilimia 33 kwenda 40, wazee waliostaafu kabla wanasubiri wasikie na wao wamekumbukwa vipi. Uongo umepanda kwenye mgongo wa kitu cha kweli. Mfundishe kitu kimoja tu, anayetaka namba ya siri ni mwizi, hata awe na nembo ya ikulu. Mengine ya kuhakiki muachie, atachoka.

Na usimwambie, muulize. Huyo ni mwalimu. "Baba hii ilitoka gazeti la tarehe ngapi nikalitafute?" Mwalimu ukimuuliza swali lazima atafute jibu, akikosa atajua mwenyewe.

Kitunguu_Maji:
Mleta mada uko wapi, tunakula bando hapa.

NesiWaMbagala:
Nimerudi wakuu, na nimerudi na mengine.

Jana jioni nilifuata ushauri wa Babu nikamtanguliza mume, akampigia mama yake, mama kaanza kulia. Kumbe mzee alishajaza ile linki ASUBUHI kabla hajatutumia. Halafu wakampigia, mtu ana sauti ya ofisini kabisa, anamwita mwalimu, mzee akawasomea na zile tarakimu zilizoingia kwa meseji. Laki moja na themanini imeondoka. Wakati mimi naandika pale "ni matapeli" yeye alikuwa ndo ameona salio. Hakujitoa kwa hasira, ni aibu.

Leo kanipigia mwenyewe, miaka sita hajawahi kunipigia. Nilipiga magoti jikoni peke yangu na simu sikioni, mume ananicheka. Akasema nimefundisha miaka 34, nimewachapa watoto wa watu kwa kunakili kazi bila kusoma. Halafu kimya. Halafu akaniuliza kama wanaweza kuingia na benki, nikamwelekeza abadilishe namba za siri zote na aende ofisi ya mfuko wa pensheni awape taarifa. Kuhusu magazeti hajabadilika hata kidogo, anasema wale nao wangeandika mapema kwamba kuna wizi wa hivi yeye asingeibiwa, nikaona nisibishane.

Sasa tatizo. Kaniomba wifi asijue. Mtu yeyote asijue zaidi ya mama na sisi wawili. Na wifi kashaitisha kikao cha Jumapili kwa simu, anataka niombe radhi mbele ya wote na nipeleke kitenge kwa mama. Nikijitetea namuumbua mzee, nikinyamaza nimekubali kwamba nilimtukana. Na mzee mwenyewe atakuwepo kwenye hicho kikao amekaa ananisikiliza.

DadaMkavu:
Duh. Hapa hata mimi sina jibu.

FundiSimu_Kkoo:
Radhi omba kwa kuandika kwenye grupu, uongo usiseme. "Naomba radhi kwa namna nilivyoandika." Ni kweli hiyo.

BabuWaKahama:
Nunua kitenge binti. Mzee anajua unachokinunua.

NesiWaMbagala:
Cha doti au nusu doti?

BabuWaKahama:
Doti.