XS650: kutoa kabureta mbili na kuweka moja, ni akili au ni kujitafutia kazi?

Twini_Kuukuu:
Wakuu habari. Nina pikipiki Yamaha XS650 ya silinda mbili, ya mwaka 78, ina zile kabureta mbili za Mikuni BS38 na kwa kweli zimenichosha. Nikizibalansi zivute sawa leo, kesho kutwa zimeshaachana, plagi ya kushoto inatoka nyeusi tii ya kulia iko poa, halafu injini ikishapata moto ukipiga resi ukaachia haishuki, inaning'inia huko juu mpaka uweke gia uachie klachi kidogo ndo inatulia. Nimeona kuna manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda) ya umbo la Y inafungwa na kabureta moja VM34, habari ya kubalansi inaishia hapo. Kuna mtu amefanya? Nguvu inapotea kiasi gani, na silinda moja haitakosa mafuta ikaungua?

Mzee_wa_Spana:
Kijana tulia kwanza. Hayo uliyoyataja nusu yake sio kabureta. Resi kuning'inia kwenye hizo injini mara nyingi ni hewa inaingia pasipotakiwa, mipira ya intake (inayounganisha kabureta na injini) imepasuka au sili za shafti ya bataflai, kile kibati cha kufungua hewa, zimekufa, au ile fimbo ya advansi ya taimingi, inayowahisha moto wa plagi resi ikipanda, imekauka grisi inakwama. Fimbo ikiwa inakwama ukafunga kabureta mpya utakuwa na ugonjwa uleule kwenye kabureta mpya. Pima valvu, angalia platini (zile swichi za moto wa plagi) zote mbili, maana kila silinda ina yake na taimingi yake, ndo uje kwenye mafuta.
Plagi nyeusi upande mmoja: hamisha koili, ya kushoto ipeleke kulia. Weusi ukihama ni moto dhaifu, usipohama shuka kwenye floti (boya la mafuta ndani ya kabureta) na pistoni ya choki ya upande huo.

Resi_Taratibu:
Mzee kasema kweli ila mimi nimefanya hiyo kitu na siirudii nyuma. Chini na katikati inavuta vizuri tu, mkono wa gesi umekuwa laini, huku juu kabisa ndo utaona imechoka mapema. Kama sio mtu wa kukimbiza hutalia.
Sababu inakubali kwenye XS650 ni krenki yake ya digrii 360. Pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja ila zinapokezana kulipuka, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa krenki kuna silinda moja tu inanyonya, hii, halafu ile, kwa nafasi sawasawa. Kabureta haijui hata kama inalisha silinda mbili. Ndo maana haihitaji kuwa kubwa mara mbili. Na sio ubunifu wa juzi, Triumph Speed Twin ya 1937 ilitoka kiwandani na kabureta moja, hata walipoleta Bonneville ya kabureta mbili 1959 bado waliendelea kuuza 650 ya kabureta moja. Honda Rebel 250 ya zamani nayo ilikuwa silinda mbili kabureta moja.

CB_Mtaratibu:
Nadandia uzi samahani, mimi nina Honda CB350 twini ya miaka ya 70, na mimi niagize hiyo Y?

Resi_Taratibu:
@CB_Mtaratibu wewe acha kabisa. Yako ni digrii 180, pistoni moja juu nyingine chini. Silinda ya kwanza inanyonya, nusu mzunguko tu ya pili nayo inanyonya, halafu kimya kirefu mzunguko mmoja na nusu. Ya pili inakuta hewa tayari iko mbioni kwenye bomba, kwa hiyo hazipati mchanganyiko sawa, ukiweka jeti (kile kitundu cha kupima mafuta) ya kuiridhisha moja nyingine inalalamika. Watu wanazifunga na zinatembea, ila kutyuni ni mateso. Karabati hizo ulizonazo.
Mtu asiyejua yake ni ipi atoe plagi zote mbili, achomeke mrija wa plastiki kila tundu, azungushe injini kwa mkono. Ikipanda pamoja ni 360.

Mzee_wa_Spana:
Kama mtu ataamua kufunga, haya wauzaji hawasemi. Miguu ya Y iwe na urefu sawa, ukiona mmoja umepinda zaidi usinunue. Kile kitundu cha vakyumu kilichokuwa kinafungua koki ya mafuta kizibwe, uweke koki ya kawaida ya kufungua kwa mkono. Kebo ya zamani mara nyingi haikai. Slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, ile sehemu yake iliyokatwa chini iangalie upande wa chujio, ukiigeuza pikipiki itawaka na resi ya kutisha. Asubuhi vuta choki na usiguse gesi kabisa, choki ya VM inafanya kazi slaidi ikiwa imefungwa, na kwa sababu bomba limekuwa refu petroli inagandia ukutani injini ikiwa baridi, itasumbua sumbua mpaka ipate moto. Skrubu ya hewa ukiifungua unapunguza mafuta, sio kuongeza, hapo wengi wanachanganyikiwa.

Twini_Kuukuu:
Nimerudi wakuu. Mirija imepanda pamoja. Koili nimehamisha, weusi umebaki kushoto, kufungua pistoni ya choki kile kimpira cha chini kimekuwa kigumu kama kokoto, hakizibi. Halafu nimepuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mpira wa intake wa kulia injini ikiwa inaunguruma, resi ikabadilika hapohapo. Naagiza mipira na sili kwanza, Y naiweka pembeni.

Resi_Taratibu:
Sawa mkuu, na ukiwa umefungua toa diafram, zile ngozi nyembamba za mpira zinazopandisha slaidi, uzitazame kwenye mwanga, zikiwa na tundu hata la sindano slaidi haipandi vizuri na hutakaa uzibalansi. Hizo zikiwa nazo zimekwisha zote mbili, njoo tuongelee jeti za VM34.

CB_Mtaratibu:
Diafram za CB350 ni hizohizo au?

Mzee_wa_Spana:
Hapana, hizo kabureta ni Keihin. Fungua uzi wako.