Nyimbo za mapambano za wazee: ziingie kwenye mtaala, au tuwaache vijana watunge zao?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Najua kuna watakaonirushia mawe, lakini acha niseme. Siku hizi kila anayelalamika kwamba vijana hawana msimamo anataja dawa ileile: wafundishwe nyimbo za mapambano shuleni, kwenye mtaala kabisa. Mimi nyimbo hizo nazipenda, ila hiyo dawa siitaki. Shule ikishaupokea wimbo, kazi ya kwanza ni kuung'oa meno.

Chukueni "This Land Is Your Land", wimbo ambao Woody Guthrie, mwimbaji wa Kimarekani wa nyimbo za kiasili, aliuandika New York, Februari 1940. Watoto wa Marekani vizazi na vizazi wameuimba darasani: misitu, mabonde, nchi hii ni yako na ni yangu. Lakini alipouandika aliweka na beti mbili ambazo toleo lililozoeleka mashuleni halina. Katika ubeti mmoja mwimbaji anakutana na bango la mali binafsi, anaangalia upande wa pili wa bango, anakuta hapajaandikwa kitu. Katika mwingine anawaona watu wenye njaa kwenye ofisi ya msaada na anajiuliza kama kweli nchi hii ni yao. Toa hizo mbili, unabaki na wimbo wa kusifia mandhari. Mwanawe, Arlo, amesimulia kwamba baba yake alimfundisha beti hizo nyumbani kwa kuogopa zisije zikasahaulika. Sasa hapo aliyerithisha ni nani, shule au mzazi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unaionea shule. Umemsahau Pete Seeger, mwimbaji mwingine wa Kimarekani wa nyimbo za mapambano. Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Akagoma kusema alimwimbia nani na wapi, akajitolea kuwaimbia nyimbo zenyewe, wakakataa. Mwaka 1961 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kuidharau kamati, hukumu iliyotenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1962. Katika miaka hiyo televisheni zilimfungia milango. Akaenda wapi? Shuleni, vyuoni, kwenye makambi ya watoto wakati wa likizo, yeye na banjo yake. Watoto wale walipofikia umri wa kuandamana miaka ya 1960, nyimbo walikuwa nazo tayari. Samaki mkunje angali mbichi, wewe unataka tumngoje akauke?

Mchangiaji wa pili:
Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni wa hicho kizazi kinachosemwa, naomba na mimi nisikike.

Mtoto wa miaka sita anayeimba habari za mgomo anaimba kama kasuku. Hajui bosi ni nani, hajawahi kukatwa mshahara. Mnachompa ni hasira zenu, halafu mnaziita maadili. Na mimi bosi wangu ni programu ya simu: inanipangia kazi, inanipunguzia malipo, inanifungia akaunti bila hata kunijibu. Wimbo wa mgodi wa makaa ya mawe unanihusu nini?

Halafu wimbo ukizeeka hata wakubwa wanaupenda. Machi 1965 Rais Johnson alisimama mbele ya Bunge la Marekani akihimiza sheria ya haki ya kupiga kura, akatamka "we shall overcome", yaani tutashinda, maneno ya wimbo wa waandamanaji. Wapo waliolia kwa furaha, sawa. Ila mwaka huohuo alikuwa akipeleka wanajeshi kwa maelfu Vietnam.

Mchangiaji wa tatu:
Marahaba mwanangu. Hilo la Johnson nakuunga mkono. La mgodi hapana.

Mwaka 1931, huko Harlan, jimbo la Kentucky, Marekani, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanapigania chama chao cha wafanyakazi. Watu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo hilo, wakavamia nyumba ya Sam Reece, mmoja wa viongozi wao. Hakuwepo. Wakapekua nyumba nzima mbele ya mkewe, Florence, na watoto. Walipoondoka, yule mama akachana karatasi ya kalenda ukutani, akaandika "Which Side Are You On?". Tuni hakutunga, aliichukua kwenye wimbo wa zamani. Kwa hiyo hata yeye alikuwa anarithi.

Miaka thelathini baadaye wapanda mabasi waliokuwa wakipinga ubaguzi kusini mwa Marekani wakauchukua, wakatoa sherifu na mgodi, wakaweka mambo yao. Hawakumwomba mtu ruhusa. Kilichobaki ni lile swali la kwenye kiitikio: uko upande gani? Na programu yako ya simu inaweza kuulizwa swali hilohilo, mwanangu, au angalau wenye kuimiliki.

Kisha wachimbaji wakagoma tena hukohuko Harlan, mgomo wa Brookside, 1973 hadi 1974. Florence, sasa bibi wa miaka sabini na kitu, akasimama mbele yao akauimba kwa sauti iliyokwisha chakaa. Baba yake alifia mgodini. Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa na bosi wa kupambana naye asubuhi inayofuata. Mtaala gani utakupa hayo?

Mleta mada:
Naona mchangiaji wa tatu kanimalizia kazi. Kwa Seeger: yule aliingia darasani na beti zake mwenyewe, hakuna wizara iliyomchagulia. Januari 2009, kwenye sherehe za kumwapisha Obama, akiwa na miaka 89, aliimba ule wimbo wa Guthrie pamoja na mjukuu wake na mwanamuziki wa roki Bruce Springsteen, na zile beti zilizofichwa akaziimba hadharani. Nileteeni mtaala wenye beti hizo, nafuta mada leo hii.

Mchangiaji wa kwanza:
Anza basi kuudai huo mtaala, badala ya kuukataa kabla haujaandikwa. Mzazi asiyejua wimbo hata mmoja atamfundisha nini mwanawe? Wewe ulibahatika, wengi hawakubahatika.

Mchangiaji wa pili:
Hilo la kutoa sherifu na kuweka mambo yetu nimelipenda. Ila nauliza kabla sijachana kalenda: nikitunga ubeti unaowasema nyie wazee, mtaitikia?